Rangi ya Walio Mkiani

Mlionisoma wiki iliyopita mliniacha ndani ya ofisi ya Meneja, mlango umefungwa, pazia limeshushwa, naye anavua koti. Nusu yenu mkamwandikia mhariri kwamba mnajua kinachofuata. Hamkujua. Meneja hakuutaka mwili wangu. Alitaka rangi. Na laiti angeutaka huo mwili, ningempiga kofi moja na mambo yangeishia pale.

Asiyenisoma kabisa nampa pole na muhtasari. Nina diploma ya takwimu. Nilikuwa na mchumba, tena nilikuwa na kazi. Mchumba akamwoa bosi wangu, nikapoteza vyote viwili kwa kadi moja ya mwaliko. Shangazi, dada yake baba, akanipokea kwenye vyumba vyake viwili. Akaenda kumbembeleza Meneja wa kiwanda cha kufulia anakofanya kazi anipe kiti cha karani. Nikapewa. Balaa langu, lililokuwa limenipotea njiani, likanipata tena.

Kiwanda chenyewe kinafua mashuka ya hoteli na hospitali. Wapiga pasi arobaini, meza ndefu mbili, mvuke mpaka darini. Kazi yangu ilikuwa moja: zamu ikiisha, naandika kwenye kompyuta kila mtu amepiga pasi vipande vingapi. Kazi ya kitoto. Nilitakiwa kuishukuru na kunyamaza.

Koti Meneja alilivua kwa ajili ya joto. Akaigeuza kompyuta yake inielekee.

"Diploma," akaanza. Jina langu halisi halijawahi kuvuka geti la kiwanda kile. "Hizi namba zako zinaniumiza macho. Zote nyeusi, zote zinafanana. Nitajuaje mbaya ni ipi?"

"Kwa kuzisoma, bosi."

"Mimi ni meneja. Sisomi. Naangalia."

Mtu mwenye akili angesema "sawa, bosi" akarudi kwenye kiti chake. Mimi nina diploma.

"Kuna njia," nikasema. "Kompyuta unaweza kuipa sharti. Unaiambia, namba ikiwa hivi, kisanduku chake kiwe rangi hii. Namba ikibadilika, rangi inabadilika yenyewe. Naiita rangi ya masharti."

"Masharti kama ya mganga?"

"Hii haitaki kafara, bosi."

Ilitaka. Subirini.

Nikamwekea mfano. Aliyepiga pasi chini ya vipande mia mbili kwa zamu, kisanduku kiwe chekundu. Aliyevuka, kijani. Jedwali likawa kijani tupu kama shamba baada ya mvua, isipokuwa visanduku viwili. Meneja akakunja uso kama mtu aliyealikwa karamu akapewa glasi ya maji.

"Wawili tu?"

"Wengine wote wamevuka, bosi."

"Haiwezekani. Nasimamia watu arobaini, wabaya wawe wawili? Mama Mwenyewe akiona hivi ataniuliza mimi nafanya nini hapa."

Mama Mwenyewe ndiye mwenye kiwanda. Haji mara kwa mara, na kila akija kuna mtu anaacha kuja.

"Ipo nyingine," nikasema, maana ulimi wangu ulikuwa umeshaota miguu. "Hii haiangalii kiwango. Inachagua walio mkiani. Katika kila kumi, mmoja."

"Mkiani." Alilionja lile neno. "Hiyo. Niwekee mkia."

Sasa nisikilizeni vizuri, maana dhambi yangu imelala hapa. Nilijua. Mwanafunzi wa muhula wa kwanza anajua. Kiwango kinaweza kuvukwa na watu wote, lakini mkia hauvukwi, kwa sababu safu yoyote duniani ina mtu wa mwisho. Waweke malaika arobaini kwenye jedwali lile, wanne watakuwa wekundu, na mabawa yao mgongoni. Maneno hayo nilikuwa nayo mdomoni, yamekaa mkao wa kutoka.

Meneja akasema, "Diploma, wewe si karani. Wewe ni mtambo."

Nikayameza maneno. "Asante, bosi."

Tangu mchumba anikimbie hakuna mtu aliyekuwa amenisifia hata viatu. Mwenye njaa hachambui mchele.

*

Skrini kubwa ikatundikwa ukutani, katikati ya ukumbi wa pasi, juu kabisa, ambapo kazini kwingine watu hutundika saa. Majina arobaini. Wanne wekundu.

Wa kwanza kufungua kinywa alikuwa Redio, mwanamke wa meza ya kwanza. Waliomwita Redio walisema sababu ni moja: hana kitufe cha kuzimia.

"Jamani, mbona yule mwekundu?"

"Kaiva," akajibu mwenzake.

"Basi achumwe."

Ijumaa wakachumwa wote wanne. Na niwaambie ukweli, wale wa kwanza hawakumliza mtu. Mmoja alikuwa analala stoo ya mataulo mpaka anakoroma. Mwingine alikuwa anahesabu shuka moja mara mbili, upande wa mbele na upande wa nyuma. Walipotoka getini watu walipiga makofi. Nami nilipiga, kwa mikono yote miwili.

Jumatatu Redio akaingia, akavua kandambili, akatazama ukutani.

"Hawa watatu wametoka wapi? Si tulifagia Ijumaa?"

Walikuwa wametoka mle mle. Watu thelathini na sita wana makumi matatu kamili, kwa hiyo wekundu watatu. Wiki iliyotangulia walikuwa kijani, hawana habari, wanawacheka wenzao. Vipande vyao havikupungua hata kimoja. Ila waliokuwa chini yao wameondoka, na chini hakukai wazi.

Meneja akaniita.

"Unaona, Diploma? Uvivu unaambukiza. Tumewaondoa wale, umehamia kwa hawa."

"Bosi, kuna jambo nilitaka kueleza kuhusu lile sharti."

"Lina hitilafu?"

"Halina. Linafanya kama lilivyoambiwa. Ila litatoa wekundu kila siku. Hata tungebaki na malaika watupu."

"Basi malaika wavivu tutawajua," akasema. "Kuna lingine?"

Halikuwepo lingine. Ijumaa watatu wakatoka. Na Ijumaa iliyofuata, watatu. Makofi yakawa yanapungua, mpaka ikafika Ijumaa moja nikasikia mtu mmoja tu anapiga, naye alikuwa Meneja.

*

Hofu ina ubunifu wake. Kwenye jedwali langu kipande ni kipande: foronya inahesabiwa moja, na shuka la kitanda cha watu wawili linahesabiwa moja. Watu wakagundua hilo kabla sijalifikiria mimi. Ghafla kila mtu akawa mpenzi wa foronya.

Akina mama wenye wajukuu walikuwa wanavutana foronya mpaka zinachanika. Redio alikuwa anazificha chini ya aproni, anatembea kama mjamzito wa mapacha.

"Redio, hongera," nikamwambia siku moja. "Unatarajia lini?"

"Ijumaa," akanijibu. "Kama zote, mdogo wangu. Ijumaa tunajifungua au tunazikwa."

Mashuka makubwa yakawa hayana mwenyewe. Yenye madoa ndiyo kabisa. Mtu akikuta doa analisukuma shuka kwa mguu hadi mwisho wa ukumbi, kwenye kikapu cha Shangazi.

Shangazi alikuwa peke yake kwenye meza ya madoa. Brashi zake, beseni zake, chupa zake ambazo hakuna anayeruhusiwa kuzinusa. Damu, mafuta, wino, dawa za hospitali zenye rangi ya tope. Doa moja linaweza kumla asubuhi nzima, na likishatoka hakuna kitu cha kuonyesha, kwa sababu kazi yake ikiwa nzuri haionekani. Ndiyo maana hakuwa na mstari kwenye jedwali. Hakuna aliyewahi kuhesabu madoa, nami sikuona haja ya kuwa wa kwanza.

Kikapu chake kikajaa. Kikaongezwa cha pili. Magari ya hospitali yakaanza kurudisha mizigo na dereva mmoja akauliza kama siku hizi tunafua kwa maombi.

Wapiga pasi walipobaki ishirini na watano, Meneja akaniita tena. Safari hii alikuwa amefunga tai.

"Mama Mwenyewe anakuja Ijumaa. Nataka jedwali safi. Kila anayelipwa hapa awe na mstari wake. Yule mama wa madoa mbona simwoni?"

"Hapigi pasi, bosi."

"Analipwa?"

"Analipwa."

"Basi awe na namba."

"Itakuwa ndogo sana. Kazi yake si ya kuhesabu vipande. Bosi, yule ni shangazi yangu."

"Sikukuuliza ukoo," akasema. "Na namba ndogo ndiyo tunayoitafuta."

Nikaandika mstari wa Shangazi. Sikumaliza hata kuondoa mkono, kisanduku kikawaka. Watu ishirini na sita, wekundu wawili. Shangazi, na hatua moja juu yake, Redio, ambaye foronya zilikuwa zimemwishia.

Ukumbini Redio alitazama ukutani, akafungua kinywa, akakifunga. Kumbe kitufe alikuwa nacho.

*

Jioni ile Shangazi alikuwa amekaa kwenye kigoda chake anamenya viazi. Mikono yake ina nyufa za dawa, anamenya kwa ncha za vidole. Nikakaa chini mbele yake.

"Shangazi, zile rangi ni zangu."

"Najua."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza. Nani mwingine mle ndani anaweza kuipaka kompyuta wanja? Meneja? Yule balbu ikiungua anaita kikao."

"Mbona hukusema kitu?"

"Nilikuwa nangoja uchoke. Ulipiga makofi wale wa kwanza walipotoka, nilikuona. Nikasema mtoto wa kaka yangu kafurahi, acha kwanza afurahi. Nipe hilo sufuria."

Nikampa. Afadhali angenifokea. Mtu akikufokea unapata pa kujitetea.

"Ijumaa watakutoa," nikasema.

"Nimeona. Sijawa kipofu."

"Nakuongezea namba. Usiku mmoja tu, vipande mia mbili, hakuna atakayejua."

Kisu kikasimama.

"Ukiniandikia shuka ambalo sijaligusa, kesho asubuhi nakurudisha kwa baba yako na lebo shingoni kama mzigo."

"Shangazi, kodi ya nyumba hii unailipa wewe. Mimi bado mshahara wangu haujafika hata kwenye chumvi. Wakikutoa tunaenda wapi?"

"Sasa ndiyo unauliza." Akarudi kwenye kiazi chake. "Nimetoa madoa pale tangu huyo Meneja anavaa kaptula. Damu za watu waliojifungua, damu za watu waliokufa. Sitaki kutoka na doa nililopakwa na mtoto wangu mwenyewe. Kanunue vitunguu."

Nikaenda kununua vitunguu. Njiani akili, iliyokuwa likizo tangu nisifiwe, ikarudi kazini.

Namba ya Shangazi siwezi kuigusa. Sharti siwezi kuligusa, Meneja angeona. Lakini Meneja mwenyewe alikuwa amenipa amri, na amri ile niliikumbuka neno kwa neno: kila anayelipwa awe na mstari wake.

Watu ishirini na sita, makumi mawili kamili, wekundu wawili. Ukiongeza watu wawili wanakuwa ishirini na nane. Makumi bado mawili. Wekundu bado wawili. Nilichohitaji ni watu wawili wenye namba ndogo kuliko ya Shangazi, waingie mkiani, wamsukume yeye na Redio juu. Watu wawili wanaolipwa na hawajawahi kushika pasi hata siku moja.

Wa kwanza nilimwona kwenye kioo cha dukani, ameshika vitunguu.

Wa pili alikuwa amefunga tai.

*

Ijumaa Mama Mwenyewe alikuja mapema. Ni mwanamke mfupi, mkoba kwapani, miwani imening'inia kifuani kwa kamba. Alitembea kati ya meza bila kumsalimia mtu, akipapasa mashuka kama anayenunua.

Watu wote walisimama kwenye nafasi zao. Mimi nilikuwa kwenye meza ndogo chini ya skrini, nikiwa na kompyuta, kwa sababu Meneja alitaka mtu wa kubonyeza. Yeye alisimama mbele, fimbo ya kuonyeshea mkononi, mgongo kwa ukuta. Alikuwa ameikariri hotuba yake na hakutaka skrini imkatize.

Nikawasha.

Ukumbi mzima ulivuta pumzi kwa mkupuo mmoja. Meneja akadhani ni heshima.

"Mama, hapa kwetu hakuna kuoneana haya," akasema. "Mtu akiwa mwekundu haulizwi, wala hajibu. Ijumaa anaondoka. Ndiyo sheria yetu."

"Hata akiwa mkongwe?" Mama Mwenyewe akauliza.

"Hata akiwa mkongwe."

"Hata akiwa ndugu yako?"

"Hata nikiwa mimi mwenyewe, mama."

"Geuka," Mama Mwenyewe akasema.

Akageuka.

Mkiani mwa jedwali kulikuwa na mistari miwili myekundu, yote ina sifuri. Wangu, na juu yake wa kwake, jina kamili, pamoja na cheo, maana mimi sipendi kumkosea mtu adabu. Shangazi alikuwa kijani. Redio alikuwa kijani. Wote ishirini na sita walikuwa kijani, na nilimwona Redio anajishika kifua kama mtu aliyempata mtoto wake aliyepotea.

"Hii ni hitilafu," Meneja akasema. "Diploma. Ondoa."

"Uliniambia kila anayelipwa, bosi."

"Mama, mimi sipigi pasi. Mimi nasimamia."

"Unasimamia nini?"

Alitazama huku na huku, akitafuta kitu cha kusimamia. "Hizi rangi," akasema.

"Na kabla ya rangi?"

Mtu mmoja akakohoa. Kikohozi kile kilikuwa kicheko kilichovaa sare.

Sasa nitawaambia nilichotarajia, mnicheke. Nilitarajia Mama Mwenyewe atacheka. Nilitarajia ataona upuuzi, atauliza lile sharti linafanyaje kazi, nami nilikuwa na maelezo mafupi tayari kuhusu kiwango na mkia, nimeyafanyia mazoezi bafuni. Skrini ingeshushwa. Watu wangerudishiwa kazi zao. Shangazi angenipikia kitu.

Mama Mwenyewe alivaa miwani yake. Aliitazama skrini kwa muda, kichwa upande, kama anayetazama mtoto mchanga wa mtu anayempenda.

"Miaka yote natafuta mtu wa kuniambia wazi kwamba meneja wangu ni mzigo," akasema. "Kila mtu anaogopa. Hii haiogopi. Haina mjomba, haina shangazi."

"Mama," nikasema, "naomba nieleze jinsi ambavyo..."

"Wewe ndiye sifuri ya pili?"

"Ndimi, mama. Lakini hilo sharti..."

"Mwekundu haulizwi, wala hajibu. Au nilisikia vibaya?"

"Ulisikia vizuri, mama," Meneja akadakia. Alikuwa anazama, na alitaka mwenza.

"Basi mnaondoka wote wawili leo. Ila kwanza, binti, wafute hapo. Nataka kuona palivyo safi."

Niliutazama mstari wa Meneja. Niliutazama wangu. Nilikuwa na diploma, kiti na kompyuta. Kiti na kompyuta vikaniaga pale pale. Lakini niseme ukweli, moyoni sikuwa na huzuni kubwa. Nilijiambia, nimetoka mimi, Shangazi kabaki. Biashara nzuri.

Nikafuta mstari wa Meneja. Nikafuta wangu.

Na mimi, mwenye diploma, niliyeliweka sharti lile kwa mikono yangu, niliyeona chini hakukai wazi Ijumaa baada ya Ijumaa, nilikuwa nimesahau litakalofuata.

Rangi nyekundu ikapanda yenyewe. Hakuna aliyebonyeza kitu. Mstari wa Redio ukawaka. Mstari wa Shangazi ukawaka.

"Kumbe bado wapo," Mama Mwenyewe akasema.

"Watakuwapo daima, mama," nikasema. "Ndicho nilichotaka kueleza. Hata wakipungua kumi, wakabaki wawili tu, kompyuta haikubali kukosa, itampaka mmoja. Hiyo haionyeshi mbaya. Inaonyesha wa mwisho tu, na wa mwisho hakosekani."

"Vizuri. Maana yake kazi haiishi." Alikuwa ameridhika kabisa. "Huyu wa chini ni nani?"

Mwisho wa ukumbi, Shangazi aliiweka brashi kwenye beseni. Akaja taratibu kati ya meza mbili, akifuta mikono kwenye aproni, kidole kimoja kimoja. Akapita mbele ya Meneja kama anapita mbele ya kabati. Akasimama kando yangu.

"Shikamoo, mama," akamwambia mwenye kiwanda, ingawa kwa umri angeweza kuipokea yeye. Kisha akanigeukia. "Nifute."

"Shangazi."

"Umemfuta meneja. Umejifuta mwenyewe. Mimi nina nini cha ziada? Nifute, na huyo Redio mfute. Watawaka wengine wawili, wafute na hao. Usiinue mkono, mwanangu. Tuone mama atabaki na nani wa kumfulia."

"Unanitisha?" Mama Mwenyewe akauliza.

"Nakusaidia kusafisha, mama. Ndiyo kazi yangu."

Mvuke ulikuwa unapiga darini. Wapiga pasi walikuwa wameacha kumtazama Shangazi, wameacha kumtazama mwenye kiwanda. Kila mmoja alikuwa anautafuta mstari wake ukutani, kisha anashuka kwa macho, jina baada ya jina, kuona kati yake na Redio wamebaki wangapi.

Mama Mwenyewe naye aliwatazama. Alianza na meza ya kwanza, akamaliza na ya pili, hana haraka. Akaubana mkoba kwapani.

"Futa," akasema.

Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe. Nyuma yangu nikasikia harufu ya shuka linaloungua. Kuna mtu alikuwa ameilaza pasi makusudi na kuuondoa mkono wake, na hakuna aliyekwenda kuiinua.